Insha ya kushawishi imerudi na alama ndogo: tafuta ubovu ulipo

Insha ikirudi imejaa wino mwekundu, mwanafunzi wa Bukavu, hapa mashariki mwa Kongo, kwa kawaida hukimbilia lugha. Anaondoa maneno madogo anaweka makubwa, anapitia nyakati za vitenzi, anaongeza ukurasa. Insha inayofuata inapata alama zile zile. Ninasahihisha kazi za vijana wanaochukua somo la uandishi la mwaka wa kwanza: wengine wako vyuo vya hapa mjini, wengine wanajiandaa kwenda Kampala au Nairobi, wengine wanasoma na vyuo vya Marekani kwa njia ya intaneti. Sarufi huwa ndiyo ugonjwa mara chache sana. Dalili ni nyingi, lakini chanzo kikubwa ni kimoja: mwandishi hakuamua anamshawishi nani. Aliandika ili mwalimu asome, na mwalimu hana haja ya kushawishiwa. Anachotaka ni kuona mtu mwingine akishawishiwa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo kabla ya kugusa dalili yoyote hapa chini, chukua karatasi uandike mtu mmoja anayekataa unachosema. Usiandike "jamii", usiandike "serikali". Andika mtu mwenye kazi, mwenye sababu zake, na mwenye hasara atakayopata wewe ukishinda.

Nitatumia mfano ambao kila anayeishi hapa anaujua. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa Bukavu, na kilomita chache mbele kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye mitambo ya megawati 29.8. Mvua ikinyesha, mitaro ya mitaa ya Kadutu na Ibanda hushusha chupa na mifuko hadi ziwani, maji huzisukuma mpaka bwawani, na mashine husimamishwa ili watu waondoe taka. Tuseme umeamua kuandika juu ya hilo. Mpinzani wako ni mama anayeuza vinywaji rejareja katika soko la Kadutu.

"Mwalimu ameandika pembeni: dai lako ni lipi?"

Maneno haya hutoka kwa vyanzo vitatu tofauti, na tiba ya kimoja haiponyi kingine.

Cha kwanza ni kuandika mada mahali pa dai. "Insha hii inahusu uchafuzi wa plastiki katika mji wa Bukavu." Ni sentensi safi, lakini haina kitu cha kukataa. Kipimo ni rahisi: isome kwa sauti, kisha mweke yule mama aseme "Sikubali." Insha hii inahusu plastiki. Sikubali. Haileti maana yoyote. Kama "sikubali" haiingii, dai bado halijazaliwa.

Cha pili ni kudai kitu ambacho hakuna anayekipinga. "Plastiki inachafua ziwa." Mama mwenyewe anakubali, anaiona kila akienda kuoga. Au mwanafunzi wa lugha anaandika kwamba Kifaransa ndicho lugha rasmi ya Kongo na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Hayo yameandikwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2006, hatuhitaji insha. Ubishi unaanza pale utakaposema kwamba, kwa sababu hiyo, mtoto wa Bagira afundishwe hesabu kwa Kiswahili miaka yake yote ya shule ya msingi. Hapo wazazi wanaolipa pesa ili mtoto "ajue Kifaransa" watasimama.

Jamaa wa karibu wa kosa hili ni kudai sheria ambayo tayari ipo. Nimesoma insha nyingi zinazoisihi serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki. Amri hiyo ilitiwa saini tarehe 30 Desemba 2017: inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Mifuko bado iko sokoni, ndiyo. Lakini basi swali lako si "ipigwe marufuku", bali kwa nini marufuku haikufanya kazi na nini kifanyike. Hilo ni swali zuri zaidi, na lilikuwa linakungoja utumie mega chache tu za intaneti kulitafuta.

Chanzo cha tatu ndicho ninachokutana nacho kuliko vyote, nacho kina historia. Sisi tuliosoma sekondari hapa tulifundishwa disertasioni. Ndiyo inayofungua Egzameni ya Serikali, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kabla ya yale maswali ya kuchagua jibu, na mwalimu wa Kifaransa alitutengeneza kwa ajili yake miaka na miaka: sehemu ya kwanza unaunga mkono, sehemu ya pili unapinga, ya tatu unatafuta muafaka. Msomaji wa disertasioni ana subira. Anatembea nawe pande zote mbili, na msimamo wako anaupata mwishoni, kama tunda la safari. Somo la uandishi la mtindo wa Kimarekani halina subira hiyo. Linataka msimamo wako mwishoni mwa utangulizi, mara nyingi katika sentensi moja, na kila aya inayofuata iwe inaufanyia kazi msimamo huo.

Mtu aliyezoea mpango wa kwanza akiingia kwenye wa pili, anatoa dai la namna hii: "Plastiki ina faida zake na hasara zake, kwa hiyo itumike kwa kiasi." Kwa mwalimu wetu wa sekondari hiyo ni hekima. Kwa yule wa pili ni mtu aliyekimbia uwanja. Sisemi disertasioni ilitupotezea muda. Ilitufundisha kusikiliza upande wa pili, na utaona chini jinsi ujuzi huo unavyorudi na faida. Ila muundo wake hauhamishiki mzima mzima.

Tiba yake inachukua robo saa. Nenda kwenye aya yako ya mwisho, ile ya muafaka. Mara nyingi dai la kweli limejificha humo, katika sentensi inayoanza na "hata hivyo" au "lililo muhimu ni". Likate, lipeleke juu, kisha linoe mpaka liwe na mtu wa kutenda, kitendo, na sababu. Mwanafunzi anayeandika juu ya Ruzizi anaweza kufika hapa: *Wauzaji wa jumla wa vinywaji Bukavu watoze amana kwa kila chupa ya plastiki, kama inavyotozwa kwa chupa ya kioo, kwa sababu chupa yenye bei haiachwi mtaroni.* Amana ni pesa unayoacha dukani na kurudishiwa ukileta chupa tupu. Mweke mama aseme "Sikubali." Anaweza, na ana sababu tele. Sasa tuna insha.

"Utangulizi wangu ni mrefu lakini ameufuta wote"

Ulianza na "Tangu binadamu aumbwe" au "Katika dunia ya leo ya utandawazi". Futa aya ya kwanza yote uone kama insha inasimama bila hiyo. Karibu kila mara inasimama, tena inapumua vizuri zaidi. Anza na mashine za Ruzizi zilizosimama, au na bei ya chupa tupu ya bia. Msomaji hahitaji kupitishwa Misri ya kale ili afike Kadutu.

"Anasema hoja zangu tatu ni moja"

Ukurasa unakuwa na sura hii: katika ngazi ya uchumi, plastiki inaleta hasara, katika ngazi ya jamii, plastiki inaleta hasara, katika ngazi ya siasa, plastiki inaleta hasara. Kila mtu aliyepita oditwari zetu, yaani kumbi za mihadhara, anaijua ngazi hii. Ripoti za mashirika zimeandikwa hivyo, mahubiri yamepangwa hivyo, hata hotuba za harusi. Ni njia nzuri ya kupanga makaratasi kwenye kabati. Kushawishi ni kazi nyingine, kwa sababu mpinzani hana shaka tatu zilizopangwa kwa uchumi, jamii na siasa. Ana shaka zake, kwa mpangilio wake.

Keti na yule mama, kwa kweli au kwa mawazo, umuulize. Kwanza atakuuliza: hii amana nitaitoa wapi, mimi ninayenunua katoni moja kwa siku? Ukimjibu, atauliza: na chupa tupu nitaziweka wapi, meza yangu ni hii unayoiona? Ukimjibu tena: na mteja akienda kwa jirani asiyetoza? Hayo ndiyo maswali matatu, na ndiyo aya zako tatu. Hakuna hata moja linaloanza na "katika ngazi ya".

Angalia pia kwamba aya hizo zina mpangilio usiogeuzika. Swali la jirani halina maana kabla ya lile la pesa kujibiwa. Hicho ni kipimo kingine cha haraka: badilisha aya yako ya pili iwe ya tatu. Kama hakuna kilichoharibika, huna mfululizo wa hoja, una orodha.

"Nimeweka takwimu, bado anasema hazitoshi"

Hapa pana kina, na wengi wanapita juu juu.

Mwanafunzi anaandika: "Bwawa la Ruzizi I lina megawati 29.8 na taka huziba mitambo. Kwa hiyo chupa zitozwe amana." Sentensi ya kwanza ni kweli. Ya pili ni dai. Katikati pana shimo, na mwandishi ameliruka kwa "kwa hiyo". Stephen Toulmin, mwanafalsafa wa Uingereza, alieleza mwaka 1958 kwamba hoja ya kila siku ina dai, ina ushahidi, na ina kiungo kinachotupa ruhusa ya kutoka ushahidini kwenda kwenye dai. Kiungo mara nyingi hakisemwi. Na pale kisiposemwa ndipo mpinzani anapopenya.

Kiungo chetu ni hiki: mtu hatupi kitu kinachoweza kurudishwa kwa pesa. Kiandike wazi. Kisha kithibitishe, maana hata chenyewe ni dai. Na uthibitisho hauko mbali. Ukinunua bia au soda ya chupa ya kioo ukaondoka nayo bila kuacha vidanje, yaani chupa tupu za kubadilishana, unalipia chupa. Ndiyo maana nyumbani kila mtu anajua kreti iko wapi, na mtoto akivunja chupa anagombezwa. Nenda ukatazame mtaro wowote baada ya mvua: utahesabu plastiki mpaka uchoke, na chupa nzima ya bia ni nadra kuiona. Vitu viwili vya umbo moja na kazi moja. Kimoja kina bei baada ya kunywewa, kingine hakina. Huo ni ushahidi unaofanya kazi, na haukuhitaji ripoti ya Geneva.

Ushahidi wa majirani unahitaji uangalifu zaidi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, na wanafunzi hupenda kuandika: "Wao wameweza, kwa nini sisi tusiweze?" Tazama kiungo kilichofichwa: kwamba kilichofanya kazi kule ni sheria peke yake. Lakini sisi pia tuna amri tangu 2017. Kwa hiyo mfano huo unakugeukia: unaonyesha kwamba kinachokosekana hapa si sheria. Ukitaka kuutumia, sema ni nini kiliandamana na sheria kule, kwa mfano mifuko kukamatwa mpakani, au faini zinazotozwa kweli. Usipoweza kusema, uache.

Tena fikiria masikio ya unayemwambia. Baada ya miaka hii yote ya vita, kuna jirani ambaye ukimtaja kama kielelezo mbele ya msomaji wa Bukavu, ataacha kusikia habari ya plastiki na kuanza kusikia habari nyingine. Mfano wa Kenya unabeba mzigo ule ule bila kuamsha kidonda. Kwa msomaji wa Kampala au wa Boston unaweza kuamua vingine. Ukweli haujabadilika, anayesikiliza ndiye amebadilika.

Na takwimu za WhatsApp? "Tani elfu kadhaa kila siku", "asilimia themanini ya samaki". Kama huwezi kumtaja aliyehesabu, iondoe. Insha yenye namba moja ya kuaminika na maelezo ya uliyoyaona mwenyewe ukiwa kwenye daraja la Ruzizi, pamoja na tarehe, ina nguvu kuliko ile yenye namba saba za hewani. Uliyoyaona ni ushahidi halali katika somo hili, mradi useme wazi kwamba ni uliyoyaona na usiyafanye kuwa takwimu ya nchi nzima.

"Nimeweka pingamizi, lakini hakuridhika"

Ugonjwa huu una sura mbili zinazopingana.

Ya kwanza ni pingamizi la kujitengenezea. "Wengine husema plastiki haina madhara yoyote. Hao wamekosea." Nani anasema hivyo? Umemuumba mtu mjinga ili umwangushe, na msomaji anaona. Hapa ndipo mafunzo ya disertasioni yanapokuokoa, kwa sababu unajua kuandika upande wa pili kana kwamba ni wako. Fanya hivyo. Mpe mama maneno yake mazuri kabisa: "Chupa ya kioo ni nzito na ngumu, inarudi kiwandani na kujazwa tena, ndiyo maana ina bei. Hii ya plastiki ikirudi itafanyiwa nini? Nani atainunua kutoka kwangu? Na hata hivyo, zilizo nzuri zinaokotwa tayari. Wauza mawese wanazitaka, wauza pombe ya kasiksi wanazitaka, makadhafi, wale wauza petroli wa pembeni ya barabara, wanaijaza humo."

Hilo sasa ni pingamizi. Linauma. Mwandishi mwoga atalifuta na kuweka jepesi. Mwandishi mzuri ataligeuza mkononi aone lina nini ndani. Mama amesema chupa nzuri zinaokotwa. Kwa nini? Kwa sababu zina mnunuzi. Zinazobaki mtaroni ni zile zisizo na mnunuzi: ndogo, zilizobonyea, zisizo na kizibo. Yaani mama mwenyewe ametuthibitishia kiungo chetu: chupa yenye bei haiachwi. Sehemu ya pingamizi imehamia upande wako, na hukumdhalilisha mtu.

Sehemu nyingine haihami. Kweli, chupa ya plastiki hairudi kujazwa kama ya kioo, na lazima awepo wa kuipokea na kujua aipeleke wapi. Hapo unafanya kinachowashinda wengi: unakubali, na unabadilisha dai lako. Labda amana iwe ndogo. Labda mzigo wa kupokea uwe wa muuzaji wa jumla mwenye depo, si wa mama mwenye meza. Labda maji ya vijaluba, vile vifuko vidogo vya plastiki, yabaki nje kabisa, kwa kuwa hakuna atakayerudisha kijaluba kilichotobolewa kwa meno. Dai linakuwa dogo na linakuwa gumu kuangusha. Kisha rudi kwenye utangulizi ulisawazishe dai la mwanzo lifanane na la sasa. Hatua hii inasahaulika sana: insha inaanza kwa kudai mambo kumi na kuishia kutetea manne.

Sura ya pili ya ugonjwa ni pingamizi lililokula insha. Aya moja ya upande wako, tatu za mpinzani, na jibu la mistari miwili. Ukijikuta hapo, usikimbilie kupunguza maneno ya mpinzani. Jiulize kwanza kama hayuko sahihi. Hutokea, na si aibu: badili upande, andika upya ukiwa na yule mama. Nyenzo zote unazo tayari.

"Ameandika: unahubiri"

"Ndugu zangu, tuamke! Ni wajibu wetu sote!" Bukavu ina wahubiri wazuri, na sauti yao imetuingia. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja njia tatu za kushawishi: hoja yenyewe, hisia za msikilizaji, na tabia ya msemaji inayomfanya aaminike. Mahubiri yanategemea mbili za mwisho kwa sababu mkutano umeshaamini kabla ya kuketi. Msomaji wako hajaamini. Ukimwambia aamke, ana haki ya kujibu kwamba hakuwa amelala.

Hisia hazikatazwi. Zipe kazi mahali pake: aya moja inayoonyesha wodi ya wazazi ikiwa gizani, au fundi wa kuchomelea anayengoja umeme mchana kutwa. Onyesha, kisha nyamaza. Alama za mshangao ziondoe zote.

Jambo dogo linaloandamana na hili: wengi huandika "sisi tunaona", "sisi tunadhani", kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa adabu ya kazi za chuo kwa Kifaransa. Walimu wengi wa mtindo wa Kimarekani hupokea "mimi" bila tatizo, hasa unapoeleza uliyoyaona. Uliza. Ila "mimi nafikiri" mbele ya kila sentensi haiongezi kitu. Tunajua ni wewe unayefikiri.

"Nimepewa sifuri kwa kunakili, na sikunakili"

Hili linaumiza kuliko yote, na mara nyingi mwanafunzi anasema ukweli kadiri anavyouelewa. Vyanzo ninavyovikuta ni hivi.

Ulisoma makala ya Kifaransa ukayaandika kwa Kiingereza. Maneno ni yako, ndiyo, lakini wazo na ushahidi ni vya mtu. Kutafsiri hakufuti deni. Mtaje. Kwa mtindo wa kutaja vyanzo uitwao MLA, ambao toleo lake la 9 lilitoka 2021, unaweka ndani ya mabano jina la mwandishi na namba ya ukurasa. Kwa mtindo wa APA ni jina na mwaka. Usichanganye miwili katika karatasi moja, na usibuni wa tatu kwa kuweka kiungo kirefu cha intaneti katikati ya sentensi.

Ulipeleka maandishi ya mkono sekretariati yakapigwe chapa, na mchapaji akaondoa alama za kunukuu kwa sababu zilimkera, au umeme ulikuwa unakaribia kukatika. Soma nakala iliyochapwa kabla ya kulipa, kalamu mkononi, ukitafuta alama hizo tu.

Ulinakili silabusi ya mwalimu mwenyewe, yaani maandishi ya somo lake, ukidhani ni heshima kumrudishia maneno yake. Kwa baadhi ya walimu wetu ilikuwa ndiyo njia ya kupata alama. Katika somo hili ni kosa kama kosa lingine.

Au uliiomba programu ya akili bandia ikuandikie. Hapo si suala la mabano. Nitasema tu kwamba insha za namna hiyo zinatambulika hata bila mashine ya kukagua: lugha haina doa, aya zinalingana kama matofali, na hamna mtu yeyote ndani yake anayekataa.

"Kila mstari ameweka duara kwenye koma"

Kifaransa kinavumilia sentensi mbili kamili zilizounganishwa kwa koma. Kiingereza cha darasani kinahesabu hilo kuwa kosa. Weka nukta, au weka neno la kuunganisha. Ukisoma kwa sauti ukakosa pumzi kabla ya kufika mwisho, kata. Basi.

"Anasema hitimisho langu linafungua mada mpya"

Disertasioni tena. Tulifundishwa kwamba hitimisho zuri linafungua dirisha: unarudi kwenye ulichosema, kisha unauliza swali kubwa zaidi. "Je, Afrika itaweza kulinda maziwa yake?" Msahihishaji wa somo hili akiliona swali hilo anadhani umeanza insha nyingine ukachoka. Wengine hufunga kwa sala, na hilo nalo halipati alama, hata kama mwalimu ni padri.

Weka mahali pake jibu la swali moja: tukikubali dai lako, ni kitu gani kinafanyika Jumatatu asubuhi, na nani anakifanya? Kwa insha yetu: muuzaji wa jumla mwenye depo anabandika bei ya chupa tupu ukutani. Hakuna haja ya kurudia hoja zote kwa "kwa kumalizia, tumeona kwamba". Msomaji alikuwepo.

"Nimefanya yote haya, alama hazijapanda"

Rudi kwenye karatasi ya kazi, ile uliyopiga picha kwa simu siku ya kwanza na hukuifungua tena. Tafuta kitenzi. Kama kinasema uchambue hoja ya mwandishi mwingine, hukutakiwa kuleta dai lako juu ya plastiki hata kidogo. Ulitakiwa kueleza jinsi yeye anavyoshawishi. Kama kinasema ulinganishe, ni kazi nyingine tena. Wakati huo huo tazama jedwali la alama: wapo walimu wanaotoa sehemu kubwa ya alama kwa rasimu ya kwanza na masahihisho yake, na wewe ulipeleka nakala ya mwisho tu.

Ikiwa kitenzi ni sahihi na jedwali umelifuata, nenda kwa asistenti wa somo, yaani mhadhiri msaidizi. Usimwendee na "sikuelewa kwa nini nimepata kumi". Swali hilo anaulizwa na promosheni nzima, wanafunzi wote wa mwaka huo, na ana jibu moja la kuwafukuzia wote. Chukua aya moja, ile ya pingamizi, na umuulize: "Asistenti, huyu mama angejibu nini hapa ambacho sijakiona?" Kisha andika anachokujibu.